Mkahawa wa Mboga Kati ya Kibuye na Kondele: Unavyomfaa Mwenye Kisukari

Kisumu ni mji wa samaki, na anayefungua mkahawa usiopika samaki wala nyama hapa sharti awe na sababu nzito kuliko biashara. Mkahawa ninaoutathmini uko kando ya barabara ya kwenda Kakamega, kati ya Soko la Kibuye na Kondele. Hauna bango, na wateja wanaoelekezana hapo husema tu "kwa mama wa mboga". Ni chumba kimoja chenye meza chache, jikoni kukiwa nyuma ya ukuta wa mabati, na wakati wa mchana nafasi ya kukaa ni ya kusubiri. Wengi wa wateja wake ni watu waliotoka kliniki katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa siku nyingi bado huiita Russia. Wamefunga tangu usiku kwa ajili ya kupimwa damu, wameambiwa wabadilishe chakula, na wanatafuta mahali pa kuanzia.

Nina kisukari cha aina ya pili, ninatumia metformini, dawa ya kushusha sukari ya damu, na nimekula hapa mara nyingi vya kutosha kuweza kusema lililo jema na lisilo jema. Kipimo changu ni kimoja: namna sahani inavyopangwa. Nasema hivyo kwa sababu kuna imani inayoenea kwa kasi mjini mwetu kwamba mtu akiacha nyama amejikinga na kisukari, na imani hiyo haiko sawa. Chapati tatu na soda ni mlo usio na nyama. Vibanzi vilivyokaangwa na kumwagiwa sosi ya nyanya ni mlo usio na nyama. Mandazi mawili na chai iliyotiwa vijiko vinne vya sukari, mlo ambao maelfu ya watu huanza nao siku kutoka Nakuru hadi Busia, hauna hata chembe ya nyama, na bado ni miongoni mwa vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka kuliko vingine vyote tulivyo navyo. Kwa hiyo swali la maana kwa mkahawa wa mboga ni kile kilichowekwa mahali pa nyama, na kwa kiasi gani.

Mwenye mkahawa ni Msabato aliyezaliwa upande wa Kendu Bay, na hilo linaeleza mengi. Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kwa zaidi ya karne moja mafundisho yao kuhusu chakula yamesikika katika nyumba nyingi za Nyanza Kusini na Kisii, hata katika zile ambazo hazikuacha kabisa kula nyama. Waumini wa kanisa hilohilo walioko Marekani na Kanada ndio waliochunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha watu zaidi ya 60,000. Miongoni mwa waliokula nyama kama kawaida, asilimia 7.6 walikuwa na kisukari cha aina ya pili. Kwa waliokula samaki bila nyama nyingine ilikuwa asilimia 4.8, kwa waliokula mayai na maziwa bila nyama wala samaki asilimia 3.2, na kwa wasiotumia chochote kitokacho kwa mnyama asilimia 2.9. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na uzito wa mwili, kwani wasiokula nyama walikuwa wembamba kuliko wenzao, lakini hata baada ya uzito kuzingatiwa, tofauti haikuisha. Nazitaja takwimu hizi kwa sababu mezani pale huzungumzwa mara kwa mara, na mara nyingi hupindishwa. Utafiti huo ulitazama watu jinsi walivyokuwa wakati mmoja, kwa hiyo peke yake hauwezi kuthibitisha kwamba mboga ndizo zilizowakinga, na wala hausemi kwamba asiyekula nyama hawezi kupata kisukari. Mla samaki wa Dunga, kwenye ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, anayesoma haya naye atambue alipowekwa katika orodha hiyo: hali yake ni nafuu kuliko ya mla nyama.

Sasa tuje kwenye sahani. Mlo wa kawaida wa mchana ni mboga mbili za kienyeji unazochagua mwenyewe, bakuli la ndengu, mbaazi au maharagwe, ugali wa mtama uliochanganywa na wimbi, na kipande cha parachichi wakati wa msimu wake. Kinachoutofautisha na mlo wa hoteli nyingi za mjini ni mpangilio. Katika hoteli nyingine ugali huja kama mlima unaofunika sahani nzima, na sukuma wiki huwekwa pembeni katika kijisahani kinachomalizwa kwa matonge matatu. Hapa mboga ndizo zinazojaza nusu ya sahani, na ugali hupewa robo. Huo ndio mpangilio ambao wataalamu wa lishe huwafundisha wagonjwa wa kisukari, yaani nusu mboga, robo wanga na robo protini. Sijaona hoteli nyingine katika sehemu hii ya mji inayoutekeleza bila mteja kuomba. Zaidi ya hayo, mhudumu huuliza kabla ya kukata. "Mwalimu, ugali nikate robo ama nusu?" Ni swali dogo, lakini ndilo lenye uzito kuliko yote yanayoulizwa pale, kwa sababu linamkumbusha mteja kwamba kiasi ni uamuzi wake.

Ugali wenyewe unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Watu wengi huamini kwamba ugali wa rangi ya udongo ni dawa, na kwamba mwenye kisukari anaweza kuula hadi ashibe mradi si wa mahindi meupe. Ukweli ni kwamba gramu 100 za unga wa wimbi zina takriban gramu 72 za wanga, na za unga wa mahindi hazizidi hapo kwa mengi. Tofauti iko katika nyuzinyuzi na katika namna nafaka ilivyosagwa. Mahindi yaliyokobolewa yamevuliwa ganda na kiini, na unga wake laini huyeyuka upesi tumboni, sukari ikaingia kwenye damu kwa mkupuo. Mtama na wimbi husagwa pamoja na maganda yake, na ukisagwa kwa chenga, mwili huuvunja polepole zaidi. Mama wa mboga hununua nafaka Kibuye, huzipeleka kisiagi mwenyewe, na humsisitizia msagaji azipitishe mara moja tu. Ukiumega ugali wake utaona punje ndogondogo nyekundu na nyeusi ambazo hazikusagika sawasawa, na ukiutafuna utazihisi kati ya meno. Wateja wengine hulalamika kwamba ni mkavu. Mimi nauona kuwa ugali bora zaidi niliowahi kuuziwa Kisumu, na nashukuru kwamba hachanganyi unga wa mihogo, kama ilivyo desturi katika sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya. Mihogo huupa ugali mvutano na ulaini unaopendwa, lakini ni wanga karibu mtupu, wenye protini kidogo sana.

Nina mazoea ya kupima sukari saa mbili baada ya kula. Nikila robo ya sahani ya ugali huo pamoja na mboga na ndengu, kipimo huwa kati ya milimoli 7 na 9 kwa lita. Nikichukua nusu ya sahani, mboga zilezile na ndengu zilezile, hupita 10, ambacho ndicho kiwango ninachoelekezwa nisikivuke baada ya mlo. Ugali ni uleule, sufuria ni ileile. Mwili wa mtu mwingine utasoma namba nyingine, ndiyo maana nahimiza kila mwenye kisukari anayemudu vijiti vya kupimia ajaribu sahani yake mwenyewe badala ya kutegemea yangu.

Mboga ndizo fahari ya mahali hapa, na hapa nitakaa kidogo. Kila siku kuna mrenda, kunde, managu na terere, na mara chache saga na mito. Mrenda hupikwa mbele ya wateja wanaopenda kusogea hadi mlangoni mwa jikoni. Mama huchemsha maji, hutia munyu kidogo, yaani maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda makavu ya maharagwe kama wafanyavyo Waluhya, kisha humimina majani ya mrenda na kunde kwa pamoja na kuyakoroga kwa mwiko bila kufunika sufuria. Baada ya muda mfupi majani hulainika, rangi ya kijani hukolea badala ya kufifia, na ute hujivuta kutoka kwenye mwiko kama uzi. Ute huo, ambao vijana wa mjini huukimbia, ni sehemu ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka katika maji, na kazi ya nyuzinyuzi za aina hiyo tumboni ni kuchelewesha wanga kuingia katika damu. Ugali mgumu wa mtama na mrenda ni jozi ambayo wazee wetu waliifikia kwa ulimi, na kipimo cha sukari kinawaunga mkono.

Managu na saga ni chungu, na zinahitaji mpishi mwenye subira. Hapa huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha zikatiwa maziwa na kuachwa kwenye moto mdogo hadi uchungu upoe. Kunde hutiwa njugu karanga zilizosagwa, na siku nyingine simsim, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora zaidi kwa ladha. Kitunguu na nyanya hukaangwa kwa mafuta machache. Jambo ambalo nimelithibitisha kwa kuuliza na kwa kutazama ni kwamba hakuna vile vitoweo vya pakiti vyenye ladha ya nyama ambavyo hoteli nyingi humwaga katika kila kitu, kuanzia sukuma wiki hadi maharagwe, na kisha zikamwambia mteja kwamba chakula ni cha mboga. Kwa mtu anayeepuka nyama kwa sababu ya imani, hilo ni suala la uaminifu. Kwa mwenye kisukari ni suala la chumvi, kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu mara nyingi hufuatana, na vitoweo hivyo vimejaa chumvi.

Bahati mbaya, chumvi hiyo iliyoepukwa kwenye mboga imerudi kwenye ndengu. Mara zote nilizozila ndengu zilikuwa na chumvi ya kupita kiasi, na mbaazi pia zilikuwa na kasoro hiyohiyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Ni jambo rahisi kurekebisha: chumvi ipunguzwe jikoni na iwekwe mezani kwa anayeitaka. Upande mwingine, ndengu hizo zimepikwa vizuri, zimelainika bila kupondeka, na zimetiwa dania mwishoni, si mwanzoni. Kikombe kimoja cha ndengu zilizopikwa kina takriban gramu 14 za protini na gramu 15 za nyuzinyuzi, jambo linalozifanya mbegu hizi za jamii ya kunde kuwa mbadala wa kweli wa nyama, si pambo la sahani. Hata hivyo kikombe hichohicho kina karibu gramu 39 za wanga. Hupanda polepole kuliko wanga wa ugali mweupe, lakini ni wanga, na unahesabiwa. Nimewaona watu waliotoka kliniki wakiagiza ndengu, ugali na chapati kwa pamoja, wakiamini kwamba wamekula salama kwa sababu hakuna nyama. Mhudumu anayeuliza swali zuri kuhusu ugali angeweza kuuliza pia kama mteja anahitaji chapati hiyo, au ampunguzie ugali ndipo amwongezee ndengu.

Kuhusu chapati sina mengi. Zinatengenezwa kwa unga wa ngano isiyokobolewa, zina rangi nzuri, na mafuta yake ni mengi mno. Moja inatosha watu wawili.

Vinywaji ndivyo udhaifu mkubwa wa mkahawa huu. Chai iko sawa kabisa: turungi na chai ya maziwa huletwa bila sukari, na sukari iko mezani katika kopo lenye kijiko kidogo. Katika mji ambapo chai ya hoteli hutiwa sukari tangu ikiwa sufuriani, mteja akinywa asichokijua kiasi chake, hilo ni jema kubwa. Lakini ukutani, juu ya kaunta, kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito kwamba juisi zao hazina sukari ya kuongezwa na ni salama kwa watu wa kisukari. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili ni hatari. Embe lililosagwa na kuchujwa limepoteza sehemu ya nyuzinyuzi zilizokuwa zikizuia sukari yake, na glasi moja hubeba maembe ambayo mtu asingeyamaliza kwa kuyatafuna. Kwa damu ya mwenye kisukari, sukari iliyotoka kwenye tunda na iliyotoka kwenye mfuko wa kiwandani hufika mlango mmoja. Nilizungumza na mama kuhusu karatasi hiyo kwa heshima, naye akanisikiliza kwa heshima, akanieleza kwamba wateja wengi huagiza juisi kwa sababu ya maneno hayo. Karatasi bado iko. Naandika hapa kwa matumaini kwamba ataibandua, kwa sababu kila kitu kingine anachokifanya kinaonyesha kwamba anawajali wanaokula kwake. Anayetaka tunda apewe kipande cha tikiti maji au nusu ya chungwa alitafune, na hivyo vyote anavyo.

Uji wa asubuhi una tatizo la aina hiyohiyo, ingawa si kubwa kama la juisi. Ni uji wa wimbi uliochachushwa, una harufu nzuri na ukali wa kupendeza, na unaweza kuuomba bila sukari. Lakini huletwa katika kikombe kikubwa cha plastiki kinachokaribia nusu lita, na unga wake ni laini kuliko ule wa ugali. Chakula cha majimaji kilichosagwa laini hupita tumboni upesi. Mimi huomba kikombe kidogo pamoja na kipande cha nduma ya kuchemsha na njugu kiasi cha kiganja, na hivyo ndivyo ningemshauri mwenye kisukari afanye hadi watakapoleta vikombe vya ukubwa tofauti.

Kuna jambo jingine la huduma ambalo katika hoteli ya kawaida lingekuwa kero tu, lakini hapa ni suala la usalama. Kati ya saa saba na saa nane mchana chakula huchelewa, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu saa. Siku moja mzee aliyekaa meza ya jirani alianza kutokwa na jasho na mikono yake ikawa inatetemeka kiasi cha kushindwa kushika kikombe. Alikuwa amejidunga insulini kabla ya kuingia, akiamini atakula mara moja. Kijana mhudumu alimtazama, hakuuliza maswali mengi, akamkorogea vijiko kadhaa vya sukari katika maji ya uvuguvugu, akasimama karibu naye. "Baba, kunywa hii kwanza, yote," alimwambia, na baada ya kama robo saa mzee akatulia na sahani yake ikaletwa kabla ya za wengine. Nilimsifu yule kijana, naye akanieleza kwamba mama amewafundisha wote dalili za sukari kushuka. Mafunzo hayo yanastahili pongezi kubwa, maana sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, dakika chache ndizo zinazoamua mtu atasimama au ataanguka. Lakini dawa ya tatizo ni kuharakisha chakula. Anayetumia insulini ya wakati wa mlo na asijidunge hadi aone sahani mezani, na awaambie wahudumu mapema, kwani nimeona kwamba wakijua humtanguliza.

Onyo hilohilo linawahusu wanaotumia vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, kama vile glibenklamidi. Mtu aliyezoea mlima wa ugali mweupe, ambaye dawa yake ilipimwa kulingana na mlima huo, akipunguza ugali hadi robo ya sahani kwa siku moja huku dawa ikibaki vilevile, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Badiliko la chakula ni jema, ila kliniki ijulishwe kabla ili dawa nayo irekebishwe. Nimesikia pale mezani wateja wakiambiana kwamba mboga zimewaponya na kwamba wameacha dawa kimyakimya. Mama mwenyewe, kwa sifa yake, hasemi hivyo kamwe. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anahitaji insulini maisha yake yote, hata akila mrenda asubuhi na jioni. Katika aina ya pili wapo wanaopunguza uzito kwa kiasi kikubwa na sukari yao ikarudi kiwango cha kawaida bila dawa, lakini hilo hutokea chini ya uangalizi wa daktari na kwa kupimwa mara kwa mara, maana inaweza kupanda tena.

Kwa wale ambao bado hawana kisukari lakini wamezaliwa katika nyumba zenye ugonjwa huo, mkahawa huu una faida ambayo huenda ni kubwa kuliko ile tunayoipata sisi wagonjwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kupata kisukari, walipopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuupata ilipungua kwa asilimia 58. Metformini ilipunguza hatari hiyo kwa asilimia 31. Utafiti huo haukuwa wa mboga pekee, lakini sahani iliyojaa majani na kunde, yenye ugali wa robo, ni njia mojawapo ya kupunguza uzito bila njaa, na anayetoka hapo akatembea hadi Kondele badala ya kupanda bodaboda amefanya la pili pia. Nafurahi kuwaona vijana wa maofisini wakianza kuja.

Mambo mawili zaidi kwa wanaotaka kula hivi kila siku. La kwanza ni vitamini B12, ambayo haipatikani kwa asili katika mboga wala nafaka. Hupatikana katika nyama, samaki, mayai, maziwa, na vyakula vilivyoongezewa. Metformini ikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza uwezo wa mwili kuifyonza vitamini hiyo, kwa hiyo mtu anayetumia dawa hiyo na asiyekula kabisa vitokavyo kwa mnyama ana sababu mbili za kupungukiwa. Upungufu wake huleta ganzi na michomo miguuni, dalili ambazo ni rahisi kudhani kwamba ni kisukari chenyewe kinachoharibu neva. Aombe kupimwa, na akiandikiwa vidonge avitumie. Maziwa yanayotiwa katika managu husaidia kidogo, lakini hapa napo kuna kasoro: hakuna popote palipoandikwa mboga ipi ina maziwa na ipi haina, na mteja asiyetumia maziwa hulazimika kuuliza kila siku. La pili linawahusu wenye kisukari ambao figo zao zimeanza kuathirika. Mboga za majani, parachichi na munyu wa majivu vyote vina potasiamu kwa wingi, ambayo figo dhaifu hushindwa kuiondoa. Sahani inayonifaa mimi yaweza kumdhuru mwenzangu huyo, na kabla ya kuiagiza amwone mtaalamu wa lishe wa kliniki yake.

Mlo kamili wa mchana ni shilingi 180, na ukichukua mboga moja badala ya mbili hulipa 130. Chai ni 30. Hulipi zaidi kwa kuomba mboga ziongezwe na ugali upunguzwe, jambo ambalo sijalikuta kwingine. Malipo ni kwa simu au taslimu, na ukija na chombo chako hukufungia cha kubeba. Mlango hufungwa Ijumaa kabla ya jua kutua na haufunguliwi Jumamosi. Jumapili hufunguliwa mapema, na kwa kuwa ndiyo siku kuu ya Soko la Kibuye, mboga za siku hiyo huwa mbichi zaidi na chaguo ni pana. Saga huisha kabla ya saa saba, kwa hiyo anayeitaka apige simu asubuhi awekewe.